Mfanyakazi ni Nani? Vyama vya Wafanyakazi, Kuhama kwa Kazi na Dhahabu ya Tarime na Serengeti



Utangulizi

Historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Tanzania imekwisha kuandikwa na wengi, na kwa kawaida huandikwa kutoka bandarini, relini na katika mashamba ya mkonge. Wanaoizungumzia hutaja Dar es Salaam, Tanga na Morogoro. Ni nadra kuisikia ikisimuliwa kutoka Tarime au Mugumu. Sababu inayotolewa ni kwamba huko hakukuwa na viwanda, na pasipo na kiwanda hapana chama. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba sababu hiyo haitoshi. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinatufundisha jambo ambalo bandari na reli haziwezi kutufundisha: kwamba siasa ya vyama vya wafanyakazi huanza kabla ya mgomo, kabla ya mshahara, na hata kabla ya chama chenyewe. Huanza katika neno. Huanza pale mtu mmoja anapoandikwa kuwa mfanyakazi na jirani yake, anayechimba mwamba uleule, anapoandikwa kuwa kitu kingine.

Swali la pili linahusu mahali. Katika nchi za viwanda vikubwa, mwajiri anayebanwa na chama cha wafanyakazi hukihamisha kiwanda. Hukifunga hapa, akakifungua kwingine ambako ujira ni mdogo na chama ni dhaifu. Wafanyakazi wa Ulaya na Marekani wameishi na tishio hilo kwa miaka mingi. Dhahabu, hata hivyo, haihamishiki. Jiwe lililoko Nyamongo haliwezi kuchimbwa kutoka Nairobi wala Toronto. Mtu angedhani, basi, kwamba mchimbaji wa Tarime ana nguvu ambayo mfumaji wa nguo hana. Historia haikwenda hivyo, na madhumuni yangu ni kueleza kwa nini.

Maneno yaliyotangulia vyama

Tuanze na msamiati, kwa kuwa hiki ni kikao cha watu wa lugha. Katika Kiswahili cha zamani neno *kiwanda* lilikuwa jirani wa *kiwanja* na *uwanda*. Lilimaanisha uwanja wa kufanyia kazi: mahali pa seremala, mhunzi au mjenzi wa majahazi. Kiwanda kilikuwa mahali kwanza, mashine baadaye. *Mshahara* umetokana na Kiarabu, na asili yake ni malipo ya mwezi. Ndani ya neno hilo mna kalenda. *Kibarua* ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, na hatimaye jina la cheti likawa jina la mtu. *Kipande* kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi wakati wa Waingereza. *Manamba* walikuwa watu walioandikishwa kwa namba na kupelekwa mbali, hasa kwenye mkonge. *Mkandarasi* ni neno lililoingia kutoka Kiingereza, nasi tutakutana nalo tena mbele.

Ukiyapanga maneno hayo utaona jambo moja. Isipokuwa kiwanda, yote yanamtambua mtu kwa kumbukumbu iliyoandikwa: cheti, kadi, namba, mwezi wa malipo, mkataba. Hakuna linalomtambua kwa kile anachokifanya kwa mikono yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika uchumi wa kikoloni hata mtu bila daftari alipotea bila habari.

Huko Mara dhahabu ilijulikana mapema. Ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti pana mahali panapoitwa Kilimafedha, ambapo dhahabu ilichimbwa enzi za ukoloni. Jina hilo bado lipo, ingawa machimbo hayapo. Katika miaka ya 1930, bei ya dhahabu ilipopanda duniani, machimbo yaliongezeka katika nchi za kandokando ya Ziwa Victoria, na mwaka 1936 mgodi mkubwa ulifunguliwa Geita. Kwa Wakurya, Wajaluo, Waikoma, Wanata na jamaa zao, kazi ya kuajiriwa ilikuwa njia mojawapo kati ya nyingi. Palikuwa na jeshi, ambalo liliwachukua Wakurya wengi. Palikuwa na ng'ombe, mtama na uwindaji. Palikuwa pia na mpaka wa Kenya, ambao watu waliuvuka kwenda kutafuta kazi na kurudi. Mtu mmoja aliweza kuwa mkulima wakati wa mvua, kibarua wakati wa kiangazi, na askari kwa miaka kadhaa ya ujana wake. Ni mtu wa namna hiyo ambaye vyama vya wafanyakazi, vilipozaliwa, havikujua vimwandike wapi.

Kutoka TFL hadi NUTA

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Lilishirikiana na TANU katika kudai uhuru, lakini halikuwa tawi la TANU. Baada ya uhuru tofauti hiyo ikawa ugomvi. Viongozi wa vyama walitaka haki ya kugoma na walitaka uafrikanishaji uende haraka. Serikali iliona kwamba wenye mishahara walikuwa wachache waliobahatika katika nchi ya wakulima. Sheria za mwaka 1962 zikaibana migomo na kuwazuia watumishi wa serikali wengi kujiunga na vyama. Mwaka 1963 Victor Mkello, rais wa TFL na kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Christopher Tumbo wa chama cha reli, aliyekuwa ameacha ubalozi London na kuingia upinzani, alikamatwa mwaka uliofuata. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa kwa sheria. Mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi.

Wengi wameieleza hatua hiyo kuwa ni kupotea kwa uhuru wa vyama, na wako sahihi. Ila kuna tokeo la pili ambalo halizungumzwi sana. NUTA ilipokuwa chama pekee, tafsiri ya NUTA ya neno *mfanyakazi* ikawa tafsiri pekee. Mfanyakazi alikuwa mtu ambaye ada ya chama ilikatwa katika mshahara wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitangaza nchi kuwa ya wakulima na wafanyakazi, na jembe na nyundo vikasimama pamoja kama alama. Mkulima alikuwa na chama cha ushirika. Mfanyakazi alikuwa na NUTA. Aliyekuwa na sululu, karai na kipande cha mwamba hakuwa na alama katika nembo hiyo, wala hakuwa na ofisi ya kwenda.

Sisemi kwamba enzi hiyo haikuwapa wafanyakazi kitu. Sheria ya usalama wa ajira ya mwaka 1964 iliwalinda dhidi ya kufukuzwa ovyo na kuunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ubwana wa viongozi, na wafanyakazi waliuchukua kwa uzito kuliko walivyotazamiwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Lakini migomo hiyo haikuongozwa na NUTA. Ilitokea licha yake.

Viwanda vinavyogawanywa na serikali

Suala la kuhamisha viwanda halikuanza na utandawazi. Afrika Mashariki ililijua mapema, kwa sura yake yenyewe. Wakati wa uhuru viwanda vingi vya soko la pamoja vilikuwa Kenya, hasa Nairobi. Katika Makubaliano ya Kampala ya mwaka 1964, Tanganyika, Uganda na Kenya zilijaribu kugawana viwanda vipya, ili kila nchi iwe na bidhaa ambazo ingezitengeneza kwa ajili ya wote. Makubaliano hayo hayakutekelezwa kikamilifu. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967 ukaleta njia nyingine: kodi maalumu ya kulinda viwanda vichanga vya nchi zilizobaki nyuma, Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, na kugawanywa kwa makao makuu ya mashirika. Bandari zilikwenda Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege zikabaki Nairobi, na makao ya Jumuiya yenyewe yakawekwa Arusha.

Tuzingatie ni nani alikaa mezani. Walikuwa mawaziri na wataalamu wa uchumi. Kazi ilihamishwa kutoka mji hadi mji kwa maafikiano ya serikali, na vyama, ambavyo Tanzania vilikuwa sehemu ya serikali, havikuwa na sauti yao wenyewe juu ya wapi kazi iwe. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 watumishi wake walijikuta bila mwajiri. Madai ya mafao yao yaliendelea kwa miongo mitatu na zaidi, na wazee hao walionekana barabarani Dar es Salaam wakidai haki yao karne mpya ilipokwisha kuanza.

Tarime iliyaona hayo kwa karibu kuliko wilaya nyingi. Mpaka wa Sirari ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa rasmi hadi mwaka 1983. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka huo. Kwa mtu aliyekuwa akivuka kwenda kufanya kazi, kufungwa kwa mpaka kulikuwa sawa na kufungwa kwa kiwanda, ingawa hakuna chama kilichoorodhesha ajira iliyopotea. Musoma ilikuwa na kiwanda cha nguo, MUTEX, kilichojengwa enzi za viwanda vya umma. Nacho kiliyumba pamoja na vingine vya aina yake sera zilipobadilika. Mnamo mwaka 1978 NUTA iligeuzwa kuwa JUWATA, jumuiya ya CCM. Mwaka 1991 ikaja OTTU. Sheria ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ilirudisha vyama huru, na mwaka 2001 shirikisho la TUCTA likaundwa. Uhuru wa vyama ulirudi, basi, wakati uleule ambapo viwanda vilikuwa vikibinafsishwa na wafanyakazi wakipunguzwa. Vyama vilipewa funguo za nyumba ambayo samani zake zilikuwa zikitolewa nje.

Nyamongo: machimbo yasiyohama

Sasa tuingie Nyamongo. Kabla ya kampuni kubwa, dhahabu ya huko ilichimbwa na wachimbaji wadogo. Utaratibu wao haukuwa wa mshahara. Katika machimbo ya namna hiyo nchini, mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe. Anayechimba hulipwa sehemu ya kilichopatikana, na kisipopatikana kitu halipwi kitu. Wanawake husaga na kuosha mawe, huuza chakula, hubeba maji. Hatupaswi kuupamba utaratibu huo. Duara huporomoka, zebaki hudhuru mwili na maji, na mwenye duara aweza kumnyonya mchimbaji kama mwajiri yeyote. Hata hivyo ilikuwa kazi, yenye ngazi zake, maarifa yake na kanuni zake za mgao. Ilikuwa *kiwanda* kwa maana ya kwanza ya neno hilo: uwanja wa kufanyia kazi.

Sera ya uwekezaji ya miaka ya 1990 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 zilifungua mlango kwa kampuni za nje. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, ukiendeshwa na Afrika Mashariki Gold Mines. Mwaka 2003 ulichukuliwa na Placer Dome ya Kanada. Mwaka 2006 Barrick iliinunua Placer Dome. Mwaka 2010 mgodi ukawa chini ya African Barrick Gold, iliyoorodheshwa London. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikajiita Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikairudisha mikononi mwake, na kutokana na mapatano na serikali ikaundwa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ya Tanzania ina hisa 16 kwa mia.

Nimeyaorodhesha majina hayo kwa makusudi. Mashimo ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona hayakusogea hata hatua moja. Vijiji vya Kewanja, Nyangoto, Genkuru na Kerende viko palepale, ingawa kaya nyingi zililazimika kuondoka ili kupisha mgodi. Kilichohama ni mwajiri. Katika muda usiofika miaka 20 uamuzi juu ya mgodi mmoja ulifanywa kutoka Australia, Vancouver, Toronto na London. Kiwanda cha nguo huhamishwa kwa kupakia mashine melini. Mgodi huhamishwa kwa kuuza hisa, na aliye shimoni huenda asijue siku gani umehama.

Kuna uhamaji wa pili, nao ni wa mkataba. Mgodi wa kisasa hauajiri kila anayeufanyia kazi. Ulinzi, chakula, usafiri, ulipuaji na uchorongaji hupewa wakandarasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikipa chama chenye wanachama wengi katika kundi la wafanyakazi haki ya kutambuliwa na kujadiliana na mwajiri kwa niaba yao. Ni sheria iliyo bora kuliko zilizoitangulia. Lakini wengi hao huhesabiwa kwa mwajiri mmoja mmoja. Watu wanaoshuka kwenye lango moja asubuhi moja huweza kuwa na waajiri watano, na mkandarasi anapobadilishwa hesabu ya chama huanza upya. TAMICO, chama cha migodi, nishati na ujenzi, na baadaye NUMET, vimefanya kazi katika mazingira hayo. Mwaka 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu, mgodi mwingine wa Barrick, uliokuwa wilayani Kahama, waligoma. Mwajiri aliuita mgomo huo haramu, na mamia wakapoteza kazi. Fundisho lilifika migodi yote ya kanda ya ziwa: sheria imeruhusu mgomo, lakini ngazi za kuufikia ni nyingi, na anayeruka ngazi moja huanguka peke yake.

Mvamizi na jangili

Waliobaki nje ya lango ndio wengi, na hapa ndipo neno linapotenda kazi yake. Mchimbaji wa Nyamongo aliyekuwa akichimba kabla ya mwaka 2002, au mwanawe, alipoingia tena eneo lilelile kuokota mawe kwenye vifusi, hakuitwa mchimbaji. Aliitwa *mvamizi*. Sheria ilikuwa wazi: eneo lina leseni, na asiye na ruhusa hana haki ya kuwamo. Mgogoro uliofuata ulileta vifo. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini. Mwaka 2013 wanavijiji walifungua madai katika mahakama ya London dhidi ya kampuni, na madai hayo yakamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 2015.

Tutazame jinsi watu hao walivyosimama mbele ya mahakama. Walisimama kama majeruhi na wafiwa. Walidai kwa ajili ya majeraha na vifo. Hakuna mlango wa kisheria ambao wangeupitia kama wafanyakazi, kwa sababu sheria ya kazi humtambua mfanyakazi kwa kumtazama aliye upande wa pili: lazima awepo mtu au shirika analolifanyia kazi. Asiye na mwajiri hana wa kujadiliana naye, na asiye na wa kujadiliana naye hana chama. Mchimbaji mwenye leseni ndogo ana shirikisho lake, FEMATA. Mwenye mkataba ana TAMICO au NUMET. Asiye na leseni wala mkataba ana diwani, mbunge na wazee wa ukoo. Haishangazi, basi, kwamba siasa ya kazi Nyamongo ilihamia kwenye kampeni za uchaguzi. Chacha Wangwe, aliyechaguliwa mbunge wa Tarime kwa CHADEMA mwaka 2005 na kufariki kwa ajali ya gari mwaka 2008, aliufanya mgodi kuwa suala kuu la siasa yake. Kazi ambayo kwingine ingefanywa na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Tarime ilifanywa jukwaani.

Tukivuka kwenda Serengeti tunaikuta hadithi hiyohiyo kwa neno jingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Jamii za magharibi mwa hifadhi, Waikoma miongoni mwao, zilikuwa na uwindaji kama sehemu ya maisha: kazi yenye misimu, silaha, miiko na mgao wa nyama. Mipaka ilivyokazwa, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974 na kwa kuanzishwa kwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti mwaka 1994, mwindaji akawa *jangili*. Wakati huohuo utalii ulileta ajira mpya hotelini na kambini, na wafanyakazi hao wana chama, CHODAWU. Wilaya mbili, rasilimali mbili, na mfano mmoja: rasilimali haihami, uzio huwekwa kuizunguka, walio ndani ya uzio huandikwa wafanyakazi na walio nje hupewa jina la kosa.

Naelewa pingamizi linaloweza kutolewa. Mtu atasema: ukimwita mvamizi mfanyakazi, umehalalisha uvunjaji wa sheria, ukimwita jangili mfanyakazi, umewamaliza tembo. Pingamizi hilo lina uzito. Baadhi ya wanaoingia mgodini huja kwa magenge na kwa silaha, na ujangili wa meno ya tembo si uwindaji wa kitoweo. Mimi sidai kwamba kila kazi ni halali. Nadai kwamba uharamu wa kazi haufuti historia yake. Mwanahistoria anayeandika *wavamizi* bila kueleza walikuwa nani jana, amekubali kuandikiwa historia na mwenye leseni.

Kukirudisha kiwanda

Mwaka 2017 siasa ya mahali pa kiwanda ilirudi kwa kishindo. Mwezi Machi serikali ya Rais John Magufuli ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba uchenjuaji ufanyike nyumbani. North Mara haikuguswa sana, kwa kuwa dhahabu yake hutoka ikiwa imeyeyushwa kuwa matofali. Bulyanhulu na Buzwagi ziliguswa, na baadaye mwaka huo shughuli za Bulyanhulu zilipunguzwa na wafanyakazi wengi wakaachishwa. Kanuni za mwaka 2018 zilizitaka kampuni za madini kutumia bidhaa, huduma na watu wa ndani. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Mwanza.

Neno *makinikia* lilikuwa la wachache; kwa miezi michache likawa la kila kijiwe cha kahawa. Taifa zima lilijadili kiwanda kiwe wapi na mgao uwe kiasi gani. Hilo lilikuwa jambo jema, na lilikuwa mara ya kwanza tangu enzi za Kampala na Arusha kwa swali hilo kuulizwa hadharani kwa uzito huo. Lakini mezani walikaa tena serikali na kampuni. Vyama vya wafanyakazi vilifuatilia matokeo: nani kapunguzwa, nani kalipwa. Na Mwanza si Nyamongo. Kiwanda kimekuja karibu zaidi kuliko Ulaya, ila kijana wa Kewanja anayekitazama kutoka juu ya kifusi bado anahitaji cheti, kadi, namba au mkataba ili aingie langoni.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba vyama vya wafanyakazi vya Tanzania vilijengwa juu ya daftari la mwajiri na si juu ya mahali pa kazi, na kwamba hatua za mwaka 1964 ziliifanya tafsiri hiyo kuwa ya lazima. Pili, kwamba kuhama kwa kiwanda hakuhitaji mashine kusogea. Mwajiri akihama, mkataba ukihama na mpaka ukifungwa, kazi imekwisha kuhama. Tatu, kwamba Tarime na Serengeti, ambako rasilimali yenyewe haihami, ndiko udhaifu wa chama kilichofungwa kwenye daftari unakoonekana waziwazi zaidi.

Kwenu wanafunzi wa lugha, kazi iko wazi. Kamusi zetu zina *mfanyakazi*, *mwajiri* na *mgomo*. Maneno ya duara, ya mgao, ya kifusi na ya mwalo wa kuoshea mawe yamo vinywani mwa watu wanaozeeka, kwa Kiswahili, Kikurya, Kijaluo na Kiikoma. Yakusanyeni pamoja na maelezo ya kazi yenyewe: nani alichimba, nani aliosha, nani alipata fungu gani, na ugomvi wa mgao uliamuliwa na nani. Hizo ni kumbukumbu za mahusiano ya kazi kama zilivyo jalada za NUTA. Zikikosekana, watakaotufuata watasoma kwamba katika Tarime palikuwa na kampuni, wafanyakazi wake, na wavamizi. Nao wataamini kuwa hao wa mwisho hawakuwahi kufanya kazi.